Kabla ya kununua mtambo wa kutenganisha mafuta na maji, ipime chemba yako

UKIINGIA Jiji la Mwanza kwa barabara ya Shinyanga, Buhongwa ndipo mji unapoanza kukupokea kwa kelele zake. Utasikia nyundo za mafundi wa bodi, utaona cheche za welda mchana kweupe, na pembeni vijana wameshika mipira ya presha wanaosha malori yaliyotoka safari na matope yake. Ni biashara halali inayolisha watu wengi. Na tangu Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipozinduliwa Juni 2025, sioni kwa nini magari yapungue, maana anayetoka mjini kwenda Geita anapita hapa hapa kabla ya kukata kona Usagara.

Tatizo ni kile ambacho gari linaacha nyuma baada ya kuondoka likiwa linang'aa. Maji meusi yenye rangi za upinde wa mvua yanashika mtaro, mtaro unapita nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba kuna mtu kapanda mchicha na matembele, au mbele kidogo kuna majaruba ya mpunga. Kinachobaki kinateremka ziwani, na ziwani ndiko Mwanza inakochota maji ya kunywa. Kwa hiyo leo nazungumza na pande mbili zinazosoma ukurasa huu: mwenye gereji na mwenye bustani. Mara nyingine ni mtu huyo huyo mmoja, asubuhi yuko chini ya lori na jioni yuko shambani.

Wafanyabiashara wengi wameshaambiwa kwamba wanatakiwa kuwa na kitu cha kutenganisha mafuta na maji kabla maji hayajatoka nje ya eneo lao. Mafundi wanakiita chemba ya mafuta. Wauzaji wa vifaa wanakuja na vitabu vyenye picha za matangi ya plastiki, mabamba, vichujio na mashine za umeme, kila mmoja akisema yake ndiyo suluhisho. Mwenye gereji anabaki anajikuna kichwa: nichukue ipi?

Maoni yangu ni haya. Kwa gereji na sehemu za kuoshea magari za kiwango cha Buhongwa, aina ya mtambo si jambo la kwanza. Chemba ya bloku iliyojengwa kwa vipimo, isiyopokea sabuni kali wala maji ya mvua, na inayochotwa kwa ratiba, itaushinda mtambo wa ng'ambo ambao mfuniko wake haujawahi kufunguliwa tangu siku ya ufunguzi. Na halmashauri ikitaka kusaidia, iache kuhesabu chemba, ianze kuhesabu madumu ya oili chafu yanayotoka ndani ya hizo chemba.

Nitaeleza kwa nini, na itabidi msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo.

Mafuta huelea juu ya maji, hilo hata mtoto anayemsaidia mama yake kupika mchuzi analijua. Wasilolijua wengi ni kwamba hayaelei kwa mwendo mmoja. Tone kubwa linapanda haraka, tone dogo linajikongoja. Kanuni yake iliandikwa na George Stokes, mwanahisabati mzaliwa wa Ireland, mwaka 1851, na haijabadilika: tone likipungua upana kwa nusu, mwendo wake unashuka hadi robo. Matone haya hupimwa kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Chukua matone ya dizeli ndani ya maji ya nyuzi joto 25, ambayo ni ya kawaida kwetu. Tone la mikroni 150 litapanda mita moja kwa dakika 8 hivi. Tone la mikroni 60 litahitaji dakika 50. La mikroni 20 litahitaji saa saba na nusu. La mikroni 10 litahitaji saa 30, yaani likianza safari leo asubuhi litafika juu kesho mchana. Ukizishika namba hizo nne vichwani, muuzaji hawezi kukuyumbisha, kwa sababu kila mtambo duniani wa kazi hii ni jitihada ya kujibu swali moja tu: tone dogo litafikaje juu kabla maji hayajatoka?

Mtambo wa zamani kuliko yote ni tangi la kawaida, ambamo maji yanapita taratibu na mafuta yanapanda yenyewe. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, iliweka vipimo vya matangi ya aina hii kwa ajili ya viwanda vya kusafisha mafuta, yakilenga kunasa matone ya mikroni 150 na kuendelea. Chemba ya gereji ni mdogo wake. Haina umeme, haina kipuri cha kuagiza Dar es Salaam, na fundi yeyote anayejua kujenga karo anaweza kuijenga.

Lakini hapa ndipo mafundi wetu wanapokosea. Wanachimba shimo refu na jembamba, wakiamini kina ndicho kinachofanya kazi, kama kisima. Sivyo. Kinachofanya kazi ni upana wa uso wa maji. Ukiongeza kina, maji yanakaa zaidi, ni kweli, lakini na tone nalo limeongezewa safari ya kupanda. Faida inaliwa na hasara. Ukiongeza upana, maji yanakaa zaidi na safari ya tone inabaki ile ile.

Tuweke mfano. Unaosha kwa mashine mbili ndogo za presha, kila moja ikitoa lita 10 hivi kwa dakika, jumla lita 20. Kwa mwendo huo, ili unase matone ya dizeli ya mikroni 60, unahitaji uso wa maji wa mita moja ya mraba. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, ambako maji yametulia na hayana mawimbi. Kwa kuwa maji ya kweli hayatulii, zidisha mara mbili. Jenga basi chemba yenye urefu wa mita 3 na upana wa mita moja kwa ndani, igawe vyumba vitatu vya mita moja moja, maji yasimame kina cha mita moja. Chumba cha kwanza ni cha mchanga na tope. Viwili vinavyofuata ndivyo vya mafuta. Kwa kuta za kimo cha mita 1.2, kazi nzima inakula bloku 120 hivi za inchi 6, pamoja na sakafu ya zege, lipu ya ndani isiyovuja na mifuniko inayoinuliwa na mtu mmoja. Nasisitiza hilo la mtu mmoja. Mfuniko wa zege unaohitaji vijana wanne kuunyanyua hautanyanyuliwa.

Maji yatoke chumba hadi chumba kwa bomba la inchi 4 lenye kichwa cha T, mdomo wake wa chini ukiwa kama sentimita 40 chini ya uso wa maji. Hapo yanachotwa maji ya katikati: mafuta yanabaki juu na tope linabaki chini. Chemba nyingi nilizoziona zina tundu limetobolewa juu ya ukuta, mafuta yanapita yakiwa ya kwanza kabisa. Hiyo haistahili kuitwa chemba ya mafuta, ni bwawa la kupitisha mafuta.

Najua atakayesema: kiwanja si changu, nimepanga, mwenye nyumba hataki nichimbe. Huyo atumie mapipa. Pipa la lita 200 lina uso wa kama robo mita ya mraba, na kwa hesabu ile ile linaweza kumudu lita 5 kwa dakika, yaani ndoo ya lita 20 kila baada ya dakika nne. Kwa fundi wa pikipiki, au gereji ndogo inayosafisha vipuri tu, mapipa mawili au matatu yaliyounganishwa kwa bomba yanatosha, na ukihama unahama nayo.

Aina ya pili ni chemba yenye mabamba. Badala ya kuongeza ukubwa wa eneo, unapanga ndani ya maji mabamba mengi yaliyolala mshazari, yakiachana sentimita mbili hivi. Tone haliendi tena mita nzima, linakwenda sentimita mbili tu na kugonga bamba la juu yake, linaungana na wenzake na kuteleza kwenda juu likiwa tone kubwa. Lile la mikroni 20 lililohitaji saa saba na nusu sasa linahitaji dakika 9. Ni ufundi mzuri kweli, na kwa kituo cha mafuta au karakana ya mabasi yenye eneo finyu ningeuchagua bila kusita. Mabamba ya viwandani mengine yana migongo kama bati, na fundi mbunifu anaweza kujaribu bati za plastiki za kuezekea. Bati za chuma zitaoza.

Udhaifu wake Buhongwa ni matope. Gari lililotoka barabara ya vumbi wakati wa masika linaacha ndoo nzima ya udongo, na udongo huo ukikaa katikati ya mabamba, kazi imekwisha. Anayeweka mabamba bila chumba kikubwa cha mchanga mbele yake anatupa fedha.

Aina ya tatu ni yale matangi ya plastiki yaliyotengenezwa kiwandani, mara nyingi yakiwa na mabamba au wavu mnene ndani yake. Ulaya yana kiwango chake, EN 858, kinachoyagawa katika madaraja mawili: daraja la kwanza maji yanayotoka yasizidi miligramu 5 za mafuta kwa lita, na la pili yasizidi miligramu 100. Ukiletewa tangi la aina hii, muulize muuzaji maswali mawili. Ni daraja gani? Na linapitisha lita ngapi kwa sekunde? Hilo la pili huandikwa kwa herufi NS na namba, NS 3 maana yake lita 3 kwa sekunde. Asiyeweza kujibu anakuuzia pipa. Lakini hata anayejibu vizuri, kumbuka kwamba tangi lake lilipimwa maabara kwa mafuta mepesi na maji yasiyo na sabuni. Halikupimwa kwa maji ya kuosha injini ya Scania.

Mitambo mingine nitaipitia haraka kwa sababu si ya kwetu sisi wadogo. Kuna mashine ya kuzungusha, ambayo ni binamu wa ile ya kutenganisha krimu na maziwa aliyoibuni Gustaf de Laval wa Sweden mwaka 1878, wafugaji wanaijua. Inatumika melini na kwenye mitambo ya umeme ya dizeli. Kwa vyombo vya baharini, mkataba wa kimataifa wa MARPOL unataka maji yanayotoka kwenye chumba cha mashine yasizidi sehemu 15 za mafuta katika milioni. Kuna mirija ya kimbunga inayohitaji msukumo mkubwa wa pampu. Na kuna mtambo wa kupuliza viputo vidogo vya hewa chini ya maji, viputo vikabeba mafuta na kuyapandisha juu kama povu. Huo ndio unaofaa maji ya viwanda vya minofu ya sangara, ambayo shahamu yake haisubiri kuelea yenyewe. Zote hizo zinataka umeme usiokatika na mtu aliyefundishwa. Mwenye gereji atakayekopa benki kununua mojawapo ananunua kesi.

Sasa niseme la sabuni, kwa sababu ndilo linaloua chemba zetu na halisemwi.

Utaratibu uliozoeleka wa kuosha injini ni kuipaka mafuta ya taa, kuisugua kwa sabuni ya unga, kisha kupiga presha. Kazi inapendeza. Lakini sabuni kazi yake ni hiyo hasa, kulivunja tone la mafuta kuwa matone madogo sana na kuyazuia yasiungane tena. Presha inamalizia kuyasaga. Kinachoingia kwenye chemba ni maji meupe kama maziwa, matone yake ni ya mikroni 10 au chini ya hapo, na mnakumbuka la mikroni 10 linataka saa 30. Kwa chemba yetu ya lita 20 kwa dakika, ambamo maji yanakaa saa moja na dakika 40 hivi katika vyumba vile viwili, maji hayo yanaingia na kutoka kama abiria aliyekosea kituo. Mabamba hayasaidii sana. Tangi la daraja la kwanza halisaidii sana. Ili kuyatenganisha unahitaji dawa, kwa mfano shabu ile wazee wetu waliyotumia kutuliza maji ya matope, na upime kiasi, na baadaye uwe na tope la kutupa. Hakuna gereji itakayofanya hivyo kila siku.

Dawa ya kweli ni kubadilisha utaratibu kabla maji hayajamwagwa. Grisi nzito ikwanguliwe kwa kijiti na kufutwa kwa matambara au vumbi la mbao, vikiwa vikavu, viende kwenye pipa. Vipuri vioshwe kwenye beseni la mafuta ya taa yanayorudiwa, si juu ya sakafu. Injini ipigwe maji bila sabuni, sehemu yake maalumu, na maji hayo ndiyo yaingie kwenye chemba. Bodi la gari lisilo na grisi lioshwe kwa sabuni upande mwingine, maji yake yaende kwenye karo lake. Na chemba ijengwe upande wa bondeni ili maji yajiendee yenyewe. Ukiyavuta kwa pampu unayasaga tena, umerudi pale pale.

Adui wa pili ni mvua. Kiwanja cha mita za mraba 200 kikipigwa na mvua ya milimita 30 kwa saa moja, ambayo kwa Mwanza si ajabu, kinatoa lita 6,000, yaani lita 100 kwa dakika. Ni mara tano ya uwezo wa chemba tuliyoijenga. Maji hayo yakiingia humo yanasomba hata mafuta yaliyokwisha kunaswa wiki nzima na kuyapeleka yote bondeni kwa dakika chache. Ezeka sehemu ya kuoshea, hata kwa bati chakavu, na weka tuta dogo la zege kuzunguka sakafu ili maji ya kiwanja yapite nje. Bati hizo chache zinafanya kazi kuliko kichujio chochote.

Na adui wa tatu ni sisi wenyewe kutochota. Chovya fimbo: tabaka la mafuta likifika sentimita 5, choteni. Tope likijaa theluthi ya chumba cha kwanza, zoeni. Mfuniko uachwe wazi kwanza hewa itoke, asiwepo mwenye sigara wala welda karibu, maana mvuke wa petroli unalipuka na hautoi taarifa.

Kwa anayetaka kuyasafisha zaidi maji yanayotoka, kuna kitu tunacho kanda hii kuliko mahali pengine popote nchini: pamba. Pamba ghafi, ambayo haijachemshwa wala kung'arishwa kama ya hospitali, ina nta ya asili inayokataa maji na kukubali mafuta, na inaweza kunyonya mafuta mara nyingi ya uzito wake. Sufi nayo ni hivyo hivyo. Jaza kwenye kipande cha nyavu, ukielee chumba cha mwisho, ukibadilishe kikilemewa. Ajabu ni kwamba tunaagiza vitambaa vya kunyonya mafuta kutoka ng'ambo wakati masalia ya pamba yanapeperuka kando ya vinu vya kuchambulia. Mjasiriamali anayetafuta biashara asome aya hii mara mbili.

Nigeukie kwa mwenye bustani. Maji yenye mafuta yakiingia shambani yanapaka udongo, udongo unakataa maji na kukosa hewa, na mizizi inateseka. Kwa kupunguza madhara, weka ubao wa kusimama kwenye mfereji unaoingiza maji, chini uache nafasi maji yapite, utando utabaki nyuma ya ubao na utauchota kwa pamba au matambara. Hiyo ni chemba ya shamba. Lakini usijidanganye kwamba maji yameshakuwa safi. Petroli ina benzini, ambayo sehemu yake inayeyuka ndani ya maji na haielei tena, na hakuna aina hata moja kati ya nilizozitaja, ya bei ndogo wala kubwa, inayoitoa kwa kuitenganisha. Maji yanayonuka mafuta usiyamwagie mchicha na usioshee mboga za kupeleka sokoni.

Wenzetu wa Thange, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, waliliona hilo mwaka 2015 bomba la mafuta lilipovuja na mafuta kuingia mtoni na kwenye maji ya ardhini. Wakulima waliokuwa wakitegemea mto huo na visima vyao walijikuta hawana maji ya shamba wala ya nyumbani. Letu si bomba la taifa, ni matone ya gereji, lakini udongo hauulizi mafuta yametoka wapi.

Na wavuvi? Samaki akiishi kwenye maji yenye mafuta, nyama yake inashika harufu hata kabla hajafa, na sasa wapo wenzetu waliowekeza kwenye vizimba ambao hawawezi kumhamisha samaki akwepe. Mwaka 1999 soko la Ulaya lilifungiwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia upande mwingine wa ziwa. Mwanza haikuwa chanzo, na bado ililipa. Mnunuzi wa mbali hatofautishi ghuba moja na nyingine.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao Tanzania ni mwanachama, unaitaja oili chafu na hata mchanganyiko wa mafuta na maji, kwa alama Y8 na Y9, kuwa miongoni mwa taka za kuangaliwa. Kinachokosekana ni jibu la swali dogo la mwenye gereji: nikishaichota, niipeleke wapi?

Leo anaiuza kwa anayepaka nguzo zisiliwe na mchwa, au anaimwaga uani kuzuia vumbi. Ile ya uani itasombwa na mvua ya kwanza. Tope la chemba ndilo gumu zaidi, maana halina mnunuzi, na kulipeleka dampo la Jiji, ambalo liko kata hii hii ya Buhongwa, ni kulizungusha tu tuliko nalo.

Ndiyo maana nasema halmashauri ianzie hapo. Itenge sehemu moja yenye sakafu ya zege na paa, gereji zilete madumu, zipewe risiti, na mzigo ukifika wa kutosha achukue mwenye kibali cha taka hatarishi. Gereji kumi za mtaa mmoja zinaweza kuchangia gari moja la kunyonya. Leseni ya mwaka unaofuata itolewe kwa kuonyesha risiti hizo, sio kwa kuonyesha mfuniko. Asiyekuwa na risiti hata moja kwa mwaka mzima, ama haoshi magari, ama anajua mafuta yake yalikokwenda.

Wapo watakaosema wadogo wanaonewa wakati wakubwa wanapita. Hoja hiyo ina uzito, na mkaguzi anayeanzia kwa fundi wa pikipiki akaruka karakana yenye malori 40 hafai. Lakini kipimo ninachopendekeza hakibagui, wala hakihitaji maabara. Mkaguzi aje na chupa ya maji nyeupe, achote kwenye bomba la mwisho la kutokea, aandike jina na saa, aiache imesimama hadi kesho yake. Ikionyesha utando juu, chemba ni ndogo au imejaa. Ikiwa bado nyeupe kama maziwa, tatizo ni sabuni. Mwenye gereji anaweza kujipima hivyo hivyo Jumapili, kabla mkaguzi hajafika Jumatatu.